Warsha ya Entebbe na Haki ya Kukusanyika Uganda

Tarehe 27 Mei 2008, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitoa hukumu iliyowapa nguvu wapinzani wa serikali. Mwanasiasa Muwanga Kivumbi alikuwa amekipinga kifungu cha 32(2) cha Sheria ya Polisi, ambacho kilimruhusu mkuu wa polisi kupiga marufuku mkusanyiko kabla haujafanyika, mradi aone kwamba huenda amani ikavunjika. Mahakama ilikibatilisha kifungu hicho. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na wenzake kwa amani na bila silaha, na polisi hawana mamlaka ya kuifanya haki hiyo kuwa hisani yao.

Miaka minne haikupita kabla maneno hayo, "kila mtu", hayajapimwa mahali pengine kabisa.

Mwanzoni mwa Februari 2012, mbunge David Bahati aliurudisha bungeni muswada wake wa kupinga mapenzi ya jinsia moja, aliouwasilisha kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Wiki moja baadaye, tarehe 14, shirika la Freedom and Roam Uganda lilikuwa likiendesha warsha katika hoteli moja ya Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Waliohudhuria walikuwa wanaharakati wa haki za wapenzi wa jinsia moja, na mada zilikuwa zilezile za warsha yoyote ya asasi: uongozi, kupanga miradi, kutetea haki za binadamu. Kilikuwa kikao cha ndani, katika ukumbi wa kukodi, bila bango wala kipaza sauti barabarani.

Mlangoni akatokea Simon Lokodo, Waziri wa Maadili na Uadilifu, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki kabla ya kuingia katika siasa. Alitangaza kwamba mkutano ule ni haramu, akawaamuru watu watawanyike, akatishia kutumia nguvu. Alitaka pia Kasha Jacqueline Nabagesera, mwanzilishi wa shirika hilo, akamatwe. Kasha alifaulu kuondoka. Mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Tuzo ya Martin Ennals ya watetezi wa haki za binadamu, na mwaka huohuo, mwezi Januari, mwanaharakati mwenzake wa karibu David Kato aliuawa nyumbani kwake. Watu waliokuwa ukumbini siku ile walijua vizuri gharama ya kujulikana.

Kasha na wenzake watatu wakaenda Mahakama Kuu kumshtaki waziri pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza. Kanuni ya Adhabu, iliyoachwa na Waingereza, iliadhibu tendo la ngono kupitia kifungu chake cha 145. Haikutaja mtu anayezungumza, anayefundishwa kuandika mpango wa mradi, au anayeketi na wenzake. Katika warsha ile hakuna aliyedaiwa kufanya tendo hilo. Basi waziri alikuwa amezuia kosa gani?

Jaji Stephen Musota alijibu tarehe 24 Juni 2014. Hukumu yake inastahili kusomwa taratibu, kwa sababu ndani yake kuna hatua moja ambayo matokeo yake ni makubwa kuliko kesi yenyewe. Alikubali kwamba haki za Ibara ya 29 zipo, kisha akageukia Ibara ya 43, inayoruhusu haki kubanwa kwa ajili ya maslahi ya umma. Akasema kuwafundisha watu wa namna ile ni kuhamasisha vitendo vilivyokatazwa, na kuhamasisha huko ni uchochezi na njama ya kutenda kosa. Kwa hiyo waziri alilinda sheria na maadili, na walalamikaji hawakuwa na haki iliyovunjwa.

Hapo ndipo sheria iliyolenga tendo ilipofika hadi kwenye kikao. Mtu anayeamini kwamba tendo lile ni dhambi bado ana sababu ya kuihofia hoja hiyo. Ikiwa kuzungumzia haki za kundi linaloshukiwa ni uchochezi, serikali haina tena haja ya kuthibitisha alichotenda mtu yeyote. Inatosha kutazama nani ameketi na nani.

Wakati hukumu inatoka, muswada wa Bahati ulikuwa umeshatiwa saini kuwa sheria, mwezi Februari 2014. Tarehe 1 Agosti Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa sababu bunge liliipitisha bila akidi. Siku chache baadaye wanaharakati walikusanyika Entebbe kwa gwaride la furaha. Hukumu ya Musota ilibaki palepale.

Usiku wa tarehe 4 Agosti 2016, polisi walivamia klabu moja ya Kabalagala, Kampala, palipokuwa na shindano la urembo la wiki ya fahari (Pride) ya wapenzi wa jinsia moja. Waandaaji walisema polisi wa eneo hilo walikuwa na taarifa. Milango ilifungwa, watu wakapigwa na kudhalilishwa, na mmoja aliruka kutoka dirisha la ghorofani akaumia vibaya. Waliokamatwa waliachiwa usiku uleule bila mashtaka. Mwaka uliofuata sherehe zilifutwa baada ya Lokodo kutoa vitisho vingine.

Wapinzani wa kisiasa nao hawakusalimika. Sheria ya Kusimamia Utulivu wa Umma ya 2013 iliwarudishia polisi, kwa mlango wa nyuma, mamlaka yaliyofutwa katika kesi ya Kivumbi, na ilibidi Mahakama ya Katiba ikifute kifungu chake cha 8 mwezi Machi 2020. Upande huo mahakama iliitetea haki mara mbili.

Mei 2023 Uganda ilipata sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na safari hii hoja ya uchochezi iliandikwa waziwazi: kuhamasisha mapenzi hayo ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 20. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo na kufuta vifungu vichache, kikiwemo kilichomtia hatiani anayekodisha jengo kwa shughuli kama hizo. Mwenye ukumbi akaondolewa kosa. Anayeendesha shirika linaloitisha mkutano akaachiwa miaka yake 20.