Kabla ya Netflix Kulikuwa na Bwana Msa

Kuna watu wanakesha na stori za mauaji kwenye simu wakidhani mambo hayo yameanza juzi. Wapi! Mwaka 1960 kilitoka kitabu kinaitwa Mzimu wa Watu wa Kale. Mwandishi wake, Mzanzibari aliyefanya kazi ya afya kabla ya kuhamia magazetini, alikuwa ameshinda nacho shindano la kuandika hadithi.

Stori yenyewe sasa: tajiri mmoja anakutwa amekufa palepale kwenye mzimu. Watu wanatetemeka, maana mahali penyewe panajulikana. Anaingia Bwana Msa na kiko chake, mtulivu, anauliza vimaswali vinavyoonekana havina kichwa wala miguu. Kwake yeye, aliyeua ni mtu. Msomaji aliyelelewa kwa kuambiwa "usipite pale usiku" hapo ndipo alipobanwa: amwamini bibi yake au huyu mvuta kiko? Ni kweli, Bwana Msa anafanana mno na Sherlock Holmes, hadi rafiki wa kumfuata nyuma anaye, Najum. Lakini ile hofu ni ya hapahapa.

Miaka ya 1970 mambo yakachemka. Kufa na Kupona (1974) ikamleta Willy Gamba, jasusi wa Kitanzania, na bastola na warembo. Wasomi wakaviita vitabu vya aina hiyo fasihi pendwa, na si wote waliolitamka jina hilo kwa heshima. Vijana wakaendelea kuazimana tu. Ila kwa kumfanya mtu ajiulize muuaji ni nani, Willy ana haraka sana ya ngumi. Mzee wa kiko bado hajapitwa.