Nasaba, Firashi na Kichupa cha Mate

 

Baada ya darsa ya alasiri hapa Mikocheni, mzee mmoja alitutolea kichupa cha plastiki kutoka mfukoni. Mwanawe anayeishi Marekani alikuwa amempelekea ateme mate humo, kisha kirudishwe kwa kampuni ya huko, ili ukoo ujue asili yake: Ushirazi ni kiasi gani na Ubara ni kiasi gani. Akatuuliza, "Sheikh, mate yangu yana ubaya gani?" Hatukumjibu papo hapo. Kutafuta nasaba kwa alama za mwili ni jambo kongwe kuliko maabara yoyote, na wanazuoni wetu walilijadili kwa kina.

Amesimulia Bi Aisha (R.A.) kuwa siku moja Mtume (S.A.W.) aliingia kwake uso wake ukimeremeta kwa furaha. Watu wa Madina walikuwa wakiisema vibaya nasaba ya Usama bin Zayd, kwa kuwa yeye alikuwa mweusi sana na baba yake mweupe. Mujazziz al-Mudliji, wa kabila lililosifika kwa elimu ya qiyafa, aliwakuta wawili hao wamelala, vichwa vimefunikwa na nyayo ziko wazi, akasema nyayo hizi zimetokana zenyewe kwa zenyewe. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Kwayo Imam Malik, Shafi na Ahmad, kila mmoja kwa masharti yake, walikubali ushahidi wa mjuzi wa qiyafa; Abu Hanifa na wenzake waliukataa. Lakini kuna nukta inayosahauliwa: nasaba ya Usama ilikwishathibiti kabla Mujazziz hajafungua kinywa. Yeye hakumpa Usama baba, alizinyamazisha ndimi za watu tu.

Zito zaidi ni tukio la mwaka wa kufunguliwa Makka. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alidai kijana mmoja kuwa ni mtoto wa ndugu yake Utba, aliyemuusia hivyo kabla ya kufa. Abd bin Zam'a akasema: huyu ni ndugu yangu, amezaliwa katika firashi ya baba yangu. Mtume (S.A.W.) akamtazama kijana, akaona wazi anavyofanana na Utba. Pamoja na hayo akahukumu kuwa ni wa Abd bin Zam'a, kwa kuwa mtoto ni wa mwenye firashi, kisha akamwamuru mkewe Bi Sawda binti Zam'a ajisitiri mbele ya kijana huyo. Tuizingatie hukumu hii. Mfanano ulionekana kwa macho matukufu kuliko mashine yoyote, na ukafanyiwa kazi pale penye haja ya tahadhari, ila haukuachiwa kuvunja nyumba. Vivyo hivyo katika liani ya Hilal bin Umayya: Mtume (S.A.W.) alitaja sifa ambazo mtoto akizaliwa nazo atakuwa wa mtuhumiwa, naye akazaliwa nazo, lakini mwanamke yule hakuguswa kwa adhabu, kwa sababu viapo vilikwishapita.

Imam Malik katika Muwatta amepokea pia kuwa watu wawili walidai mtoto mmoja mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Akaitwa mjuzi wa qiyafa, naye akasema wote wawili wameshiriki. Umar akampiga kwa bakora yake, na mwishowe akamwambia kijana amfuate amtakaye kati yao.

Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba, na qiyafa ikapata mrithi mwenye nguvu mno. Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka Januari 2002 katika kikao chake cha 16. Likaamua kuwa kipimo hiki hakiwezi kutangulizwa mbele ya liani wala kutumiwa kukana nasaba iliyothibiti kisheria. Likakiruhusu penye mgogoro juu ya mtoto asiyejulikana nasaba yake, watoto waliochanganywa hospitalini, na waliopotea katika maafa na vita.

Serikali yetu nayo ilitunga Sheria ya Vinasaba vya Binadamu Na. 8 ya mwaka 2009, chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu binafsi hachukui nywele za mtoto akaenda kupimiwa. Maombi hupitia mahakama, polisi, ustawi wa jamii, wakili, daktari na mfano wao. Wengi huulalamikia mlango huu kuwa ni mwembamba. Sisi tunaona wembamba huo umewasitiri wake na watoto wengi. Mwaka huohuo Sheria ya Mtoto Na. 21 ikahesabu majibu ya DNA miongoni mwa vithibitisho vya uzazi, na hapo kadhi na hakimu wanaweza kutofautiana juu ya mtoto yuleyule. Jambo hilo linahitaji makala yake.

Kichupa cha mzee wetu hakipiti katika mlango huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, lakini kampuni iko ng'ambo. Kampuni ya 23andMe, iliyoanza kuuza kipimo cha mate mwaka 2007, ilitangaza mwaka 2023 kuwa wadukuzi wamezifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 ikaomba kinga ya muflisi mahakamani, na Julai mali zake, zikiwemo taarifa za wateja, zikanunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi ya mwasisi wake mwenyewe. Mwanafunzi aliyesoma mlango wa taflisi anajua kuwa amana iliyo mikononi mwa muflisi haiuzwi kulipia madeni yake. Hurudishwa kwa mwenyewe. Basi je, mate yale yalikuwa amana au bidhaa? Karatasi waliyoisaini wateja ndiyo iliyojibu, na wangapi waliisoma?

Tena mate si ya mtemaji peke yake. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji wa miaka ya 1970 na 1980 kupitia vinasaba vya jamaa zake wa mbali, hali yeye hakupeleka chochote. Hilo lilikuwa la kheri. Lakini njia hiyohiyo huweza kumfichulia binamu siri ya shangazi aliyekwishazikwa, na Allah (S.W.) ametukataza kupekuana katika Suratul Hujurat.

Tulimwambia mzee: waulize kwanza ndugu zako, kwani unatema kwa niaba yao pia. Akawauliza. Kaka yake alikubali. Dada zake wawili walikataa, na mmoja hakutaka kueleza kwa nini. Mzee hakumuuliza mara ya pili. Kichupa amekirudisha kwa mwanawe kikiwa kikavu.

Wallahu a'alam.