Kasri la Makutani, Kilwa Kisiwani: Nyongeza za Jengo kama Ushahidi wa Historia

Historia ya Kilwa Kisiwani mara nyingi huandikwa kana kwamba ilikoma mwaka 1505, Wareno walipouteka mji na kujenga ngome yao ufukweni. Insha hii inahoji mtazamo huo kwa kuchunguza Kasri la Makutani, lililojengwa katika karne ya 15, kisha likakarabatiwa na kupanuliwa katika karne ya 18. Hoja kuu ni kwamba nyongeza za kasri hili ni ushahidi wenye uzito sawa na ule wa msingi wake.

Kabla ya Makutani palikuwapo Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa nje ya mji mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba takribani 100 na birika la pembe nane, lakini halikukamilika wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Makutani lilijengwa karibu na Msikiti Mkuu, na likatumika katika vipindi viwili vilivyotenganishwa na uvamizi wa Wareno.

Namna lilivyokua ilitegemea vifaa vya ujenzi. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo kwa kawaida zilihimili upana wa takribani mita 2.5 tu, vyumba vya majengo ya mawe ya Waswahili vilikuwa virefu na vyembamba. Aliyehitaji nafasi zaidi hakutanua chumba, bali aliongeza kingine ubavuni au ghorofa juu.

Upanuzi wa karne ya 18 hauna budi kusomwa sambamba na uchumi wa wakati huo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Haiwezi kudaiwa kwamba kila ukuta uligharimiwa na biashara hiyo. Hata hivyo, ustawi uliouwezesha utawala kujenga upya hauwezi kutenganishwa nayo.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Swali la kihifadhi linalobaki ni sehemu ipi ipewe kipaumbele. Uhifadhi unaothamini karne za 14 na 15 peke yake ungeuonyesha mji wa dhahabu bila kumwonyesha mateka. Kuta za baadaye za Makutani zinastahili kuhifadhiwa kwa sababu zinabeba kumbukumbu zote mbili: uwezo wa Kilwa wa kuinuka tena, na gharama ya kibinadamu ya kuinuka huko.