Cheti cha Taaluma za Afrika: Asili Yake na Funzo Lake

Katika vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe anasomea historia, uchumi au kilimo, aweza kupata pia cheti cha taaluma za Afrika. Haachi idara yake. Huongeza masomo kuhusu bara letu kutoka idara nyingine, kama vile isimu, jiografia, siasa na fasihi. Makala haya yanauliza: mpango huo ulitoka wapi, nao unatufundisha nini sisi tunaochunguzwa?

Asili yake si moja. Mwaka 1948 mwanaanthropolojia Melville Herskovits alianzisha programu ya taaluma za Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Nia yake ilikuwa ya kitaaluma. Miaka kumi baadaye iliingia nia ya dola. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na Marekani ikaingiwa na hofu ya kupitwa. Sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, iliyotiwa sahihi mwaka 1958, ilitoa fedha kwa vituo vya lugha na maeneo ya ulimwengu. Lugha zilizotangulizwa zilikuwa Kiarabu, Kichina, Kihindi pamoja na Kiurdu, Kijapani, Kireno na Kirusi. Kiswahili hakikuwamo. Kwa hiyo yafaa tuseme wazi kwamba mipaka ya eneo iliwekwa na mwenye kulitazama, si na wenye kuishi ndani yake.

Je, asili hiyo inabatilisha elimu yenyewe? Hatudhani hivyo. Tuchukue mfano wa Jan Vansina, aliyefundisha Wisconsin tangu mwaka 1960. Alizaliwa Antwerp mwaka 1929, akasomea historia ya Ulaya ya zama za kati, yaani historia ya hati. Alipofika kwa Wakuba wa Kasai mwanzoni mwa miaka ya 1950, hakukuta hati bali masimulizi ya wazee. Ilimbidi ajifunze lugha na mila ndipo aweze kuhoji yaliyopita. Kitabu chake juu ya mapokeo simulizi kilitoka mwaka 1961. Kile cha mwaka 1990, juu ya watu wa misitu ya ikweta, kilitegemea sana ulinganishi wa maneno ya lugha za Kibantu. Hapa ndipo tunapoona kwamba kuunganisha fani si kurundika masomo. Ni kushika swali moja ambalo fani moja haiwezi kulijibu.

Nasi maswali kama hayo tunayo. Kiswahili cha Katanga hakielezeki kwa sarufi peke yake. Aliyekisoma bila kujua historia ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na ya wafanyakazi walioletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, amesoma nusu. Vivyo hivyo mwanahistoria asiyesikia lugha ya kambi za migodi hukosa ushahidi mkubwa.

Kuzaliwa mahali si kupafahamu. Mwanafunzi wetu huongea Kiswahili sokoni na nyumbani, kisha huingia darasani kwa Kifaransa, na fani zake hazikutani. Cheti cha wenzetu kilianza kwa hofu yao. Chetu, tukikianzisha, na kianze kwa maswali yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.