Kiti cha Enzi: Jina na Asili Yake

Katika miji ya kale ya pwani, kama vile Lamu, Pate, Siyu na Mombasa, kilitumika kiti kirefu cha mpingo, chenye egemeo la juu, mikono na mahali pa kuwekea miguu. Kimepambwa kwa pembe za ndovu au mifupa iliyochomekwa katika mti, na baadhi ya sehemu zake zimesukwa kwa uzi. Hicho ndicho kiti cha enzi, alichokalishwa mkubwa au mgeni wa heshima.

Asili yake imezusha ubishi. Wako wanaoona humo athari ya Misri ya Wamamluki; wengine huwataja Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593; na wengine huelekeza Bara Hindi.

Jina nalo lina ushahidi wake. "Kiti" ni neno la Kibantu, lenye shina moja na "mti". "Enzi" latokana na Kiarabu, kwa maana ya nguvu na utukufu, nalo ni ndugu wa "ezi" iliyomo katika "Mwenyezi". Lakini "enzi" hutumika pia kwa maana ya zama, hata msomaji wa leo aweza kudhani kuwa kiti hicho ni "kiti cha kale" tu. Tukikiandika hivyo katika orodha zetu, mbao zitabaki, bali heshima ya aliyekikalia itasahauliwa. Hatuna budi kulihifadhi jina pamoja na kiti chenyewe.