Mkonge ulikuwepo kabla ya mkonge

Magnolia imepewa jina la mtu, Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa. Sisal, yaani mkonge, imepewa jina la bandari ya Yucatán, Mexico. Waswahili hawakufuata mtu wala bandari, walifuata kazi. Kutoka Pangani hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ukitaja mkonge watu hufikiria zao la mashamba makubwa, lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kupitia Florida: miche 1,000 iliagizwa, ikapona 62. Neno, hata hivyo, ni kongwe kuliko miche hiyo. Mkonge wa kwanza ni ule wa porini, wenye majani marefu magumu, ambao watu wa pwani waliutoa nyuzi za kusokotea kamba. Mgeni alipofika na kazi ileile, akarithi jina la mwenyeji.

Atatokea wa kusema kuwa jina moja kwa mimea miwili linachanganya. Hoja hiyo ina uzito darasani. Shambani, kusema “mkonge pori” kunatosha. Tena wanasayansi wenyewe siku hizi wameiweka mimea hiyo katika familia moja, Asparagaceae. Kama ni kulaumu, tuanze na katani, jina jingine la mkonge, neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa kitani, ambalo huko kwao ni mmea mwingine kabisa. Mbona hilo halimsumbui mtu? Kamusi zetu ziandike maana zote mbili za mkonge, na ule wa porini utangulie.