Rifu, Ndovu na Muratina: Ubishi wa Makutano Ulionipeleka Mbali

Jumamosi iliyopita tulikuwa Makutano, hapa Meru mjini, mimi na jamaa yangu wa Embu. Tulisoma chuo kimoja, kwa hivyo kubishana naye kwangu ni kama kupumua. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya mlima, ile haikuulizi kama umebeba jaketi. Yeye alikuwa ametoka Nairobi na chupa nne za bia ya kiwanda kidogo, zile zenye lebo imechorwa kama jalada la albamu. Mimi nilikuwa na spika. Basi vita vikaanza: rifu kali kuliko zote ni gani, na bia tamu kuliko zote ni gani?

Kabla hatujaendelea: kama hujafika miaka 18, wewe baki na upande wa gitaa. Hiyo ya chupa ni historia tu, isome kama somo.

Na kama neno ni geni, rifu ni ile sentensi fupi ya gitaa inayorudiwa mpaka wimbo mzima unasimama juu yake. Ukiitoa kwa mdomo, bila neno hata moja, na watu wote mezani wajue ni wimbo gani, hiyo ni rifu.

Mimi nilianza na roki nzito. Black Sabbath, "Iron Man", 1970. Jamaa akacheka, akasema hiyo ni kelele ya wazungu wenye hasira. Nikamwambia, buda, kaa chini nikupe stori.

Tony Iommi alikuwa kijana wa Birmingham, mji wa viwanda na moshi. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye hupiga gitaa kwa kushoto, kwa hivyo hivyo ndivyo vidole vya kubonyeza nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gitaa. Msimamizi wake kazini akamletea rekodi ya Django Reinhardt, ambaye naye aliungua kwenye moto mwaka 1928 na kubaki na vidole viwili vyenye nguvu kwenye mkono wa nyuzi. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyepesi. Baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito kama lori linapanda Nithi. Ile sauti dunia nzima inaiita roki nzito ilisaidiwa kuzaliwa na ajali ya kazini na chupa ya sabuni.

Jamaa akanyamaza kidogo. Kidogo tu. Kisha akasema, "Sawa. Sasa sikiza yangu."

Akaweka benga. D. O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa la solo likaanza kukimbia peke yake, juu juu, besi ikiruka chini yake. Akaniuliza, "Hiyo umesikia inatoka wapi?" Nikasema kwa gitaa. Akasema hapana, inatoka kwa nyatiti.

Na hapo alinipata, lazima nikubali. Nyatiti ni chombo cha Waluo chenye nyuzi 8. Mpigaji anakaa chini, anadonoa nyuzi, huku anagonga ubao wa chombo kwa pete ya chuma aliyovaa kwenye kidole cha mguu. Miaka ya 1950 na 1960, vijana wa upande wa Ziwa walipopata gitaa, hawakuanza kuiga tu zile za redio. Walichukua mdonoo wa nyatiti wakauhamishia huko. Solo ikawa inajibizana na mwimbaji, na mwisho wa wimbo inabaki peke yake ikichemka. Kutoka huko benga ikasambaa: Wakikuyu wakaichukua, Wakamba wakaichukua, na huku kwetu ukipanda matatu ya Maua leo utaisikia kwa Kimeru. Kila watu wameweka lafudhi yao, lakini mdonoo ni ule ule.

Kisha akaniongezea George Mukabi, wa Magharibi, aliyefariki 1963. Muziki wake unaitwa omutibo: gitaa moja kavu, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta kwa mdundo. Chupa tupu ya soda! Iommi chupa ya sabuni, hawa chupa ya Fanta. Tukaangaliana. Kumbe tulikuwa tunabishana kuhusu kitu kimoja: watu wasio na kitu wakichukua kilicho karibu na kukifanya kiimbe.

Na kama bado unafikiri roki nzito ni ya wengine, kuna hii. Mwaka 2020 kundi la Duma kutoka Nairobi lilitoa albamu kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lenyewe ni giza, kwa Kikuyu. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024 na kuitolea kwa mama ya nyanya yake: Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyekuwa na cheo cha field marshal. Sisi Wameru tunamjua Musa Mwariama, aliyetoka msituni 1963 na kupigwa picha na Kenyatta akiwa na nywele zake za msituni. Sasa niambie hiyo hasira ni ya wazungu.

Raundi ya gitaa ikaisha sare. Tukaingia kwa chupa.

Jamaa akaanza kunisomea lebo: hii ina harufu ya machungwa, hii ina ladha ya kahawa, hii imetengenezwa kwa pipa dogo na mikono ya watu. Sikatai. Nairobi kumekuwa na watu wanaojaribu, kuanzia Brew Bistro ya barabara ya Ngong hadi Bateleur na 254 Brewing. Ni kazi ya maana. Lakini nilijiuliza, huyu mtoto wa Embu anajua kwamba babu yake alikuwa anatengeneza bia ya mikono kabla hilo neno halijakuwa na bei?

Twende nyuma. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata, mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndio maana bia ikaitwa Tusker. Hiyo stori kila mtu anaijua. Isiyosimuliwa sana ni hii: Mwafrika hakuruhusiwa na sheria kunywa bia hiyo ya chupa mpaka miaka ya 1940 inaelekea kuisha. Shayiri ingelimwa kwenye ardhi yetu, chupa zingebebwa na mikono yetu, lakini kunywa ni wao. Na pombe zetu wenyewe zikawekwa chini ya vibali na misako. Askari anaingia bomani, anapiga teke kibuyu, anaandika faini.

Kilichokuwa ndani ya kibuyu ni nini? Muratina. Unachukua tunda la mwegea, lile refu kama soseji kubwa linaloning'inia mtini. Unalikata, unalikausha juani, unalichemsha kutoa uchungu. Unachanganya asali na maji, au maji ya muwa, unatumbukiza tunda, unaweka kibuyu karibu na moto. Siku moja au mbili, inaanza kuchemka yenyewe. Siri iko kwenye nyuzinyuzi za lile tunda: hamira inakaa humo. Ukimaliza unalikausha, unalitumia tena. Tunda zuri linarithiwa. Wabelgiji wana bia inaitwa lambic, inayoumuliwa na hamira ya hewani na ya kwenye mapipa ya zamani ya mbao, na watu hupanda ndege kwenda Brussels kuionja. Babu yangu alikuwa na hiyo sayansi kwenye dari, juu ya moshi wa jikoni.

Tena ilikuwa na kanuni. Ilikuwa ya wazee na ya shughuli: mahari, kupatanisha watu, kumwaga kidogo chini kwa waliotangulia. Kijana wa rika letu hangeruhusiwa kulewa hovyo. Hakukuwa na haja ya polisi, kulikuwa na aibu.

Sasa tufike penye uchungu.

Mwaka 2004 ilizinduliwa Senator Keg, bia ya bei ya chini, na serikali ikailegezea ushuru. Wazo lilikuwa mtu wa kipato kidogo apate kitu salama badala ya pombe za sumu. Baadaye ikaanza kutumia mtama, na wakulima wa sehemu kavu, Tharaka na Mbeere wakiwemo, wakaambiwa walime mtama wa gadam, soko lipo. Watu wakalima. Mwaka 2013 serikali ikaiwekea bia hiyo ushuru wa asilimia 50. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, mtama ukabaki kwa magunia. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ikaua watu kwa makumi katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa kati ya zilizoumia zaidi. Wengine walibaki hai lakini vipofu. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Mwaka 2015 Senator ikapunguziwa ushuru tena, kwa asilimia 90.

Sisemi ushuru peke yake uliua watu. Aliyeua ni aliyetia kemikali ya kiwandani kwenye mtungi ili apate faida ya haraka. Lakini ukipanga hizo tarehe kwenye mstari mmoja, huwezi kusema pia hazijuani.

Jamaa alikuwa ameweka chupa chini. Akaniambia kwamba jirani yao, fundi wa baiskeli, alikwenda hiyo wiki. Mtu aliyemfundisha kuziba pancha. Alikuwa hajawahi kuniambia, na tumejuana miaka sita. Nikazima spika.

Baada ya muda akasema, na hii ni hoja nzito: "Ndio maana mimi sitaki kusikia mtu akisifu pombe za kienyeji. Zimemaliza vijana wa mlima wetu." Na ana haki. Ukipita vijiji vyetu saa nne asubuhi utaona. Akina mama wa huku wameandamana, wamelia, wamezika. Mimi siwezi kusimama mbele ya mama kama huyo nikamwambia habari za ladha na harufu.

Lakini nilimjibu hivi, na ndio maoni yangu ya leo: kilichomuua fundi haikuwa muratina. Methanoli ya kuua haitoki kwa asali, huwekwa na mtu. Tumetia kila kitu kwenye gunia moja tukaliandika "haramu": kibuyu cha mzee na mtungi wa muuaji. Kitu kikishakuwa cha kujificha, anayekitengeneza kwa uangalifu anaacha, anabaki yule asiyejali. Sheria ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa, lakini ikataka chupa za glasi, vipimo na leseni. Vipimo ni vizuri, navitaka. Ila nyanya mwenye vibuyu vitatu kule Tharaka atanunua wapi mashine ya kujaza chupa? Kwa hivyo mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kikawekwa juu ya kichwa chake.

Kijana wa Nairobi mwenye mtaji akitengeneza bia kwa pipa dogo tunamwita msanii. Nyanya akifanya hivyo hivyo tunamwita mhalifu. Mimi nataka kipimo kimoja: maabara ya kaunti impimie kwa bei anayoweza, ushirika umsaidie chupa, na anayetia kemikali afungwe kweli kweli, si kulipa faini na kurudi kesho. Na kama wewe hunywi, heshima kwako, bado hili linakuhusu, kwa sababu ni ujuzi wa kwenu unaokufa.

Benga ilipona kwa sababu hakuna aliyepiga teke gitaa. Nyatiti ilihamia kwa nyuzi za chuma, ikaingia redioni, ikakua. Muratina haikupewa hiyo nafasi. Babu yangu alifariki na lile tunda lake likatupwa siku ya kufagia nyumba. Hakuna aliyejua ni nini. Hata mimi niliona kitu kikavu kama gunzi, nikakitupa. Hamira ya miaka sijui mingapi, kwa takataka.

Basi uamuzi wa Makutano: rifu kali ni "Iron Man", na jamaa bado anasema ni Shirati, na sote tuko sawa. Bia tamu, hatukuamua. Mvua ilikatika, tukapanda boda, tukaenda kulala.

Ila nina ombi. Kama una mzee nyumbani anayejua kutengeneza kitu chochote, iwe kibuyu, mzinga, ngoma au wimbo, kaa naye Jumapili hii, umrekodi kwa simu. Usingoje siku ya kufagia. Kisha njoo uniambie rifu yako ni gani, na usiniletee majibu ya kuogopa.